Mafuta ya Mguu

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili lilikusudiwa mahudhurio ya darasa la sita. Mwalimu mkuu akaleta jingine lenye jalada gumu, nami nikalionea huruma hili. Basi nitaandika humu mambo ya mvua ya mwaka huu, na nitaanza na gari langu kwa kuwa leo limenitia hofu.

Ni gari dogo la mwaka 1999. Limewazidi umri walimu wawili wa shule yetu. Leo asubuhi karibu na Buluk nilikanyaga breki, na pedali ikashuka taratibu kama nimekanyaga unga uliokandwa. Gari lilisimama, lakini lilisimama kwa kupenda kwake. Nikapita gereji kwa Robert, ambaye alijifunzia ufundi Kampala. Alifungua kikombe cha plastiki chini ya boneti, akachovya kitambaa cheupe, kikatoka na rangi ya kahawa.

"Madam, hii fluidi ya breki imezeeka. Imekunywa maji."

"Nani ametia maji?"

"Hapana mtu. Inavuta yenyewe, kwa hewa. Mvua yote ya Juba iko ndani hapa. Breki ikipata moto, hiyo maji inachemka, inakuwa mvuke, na mvuke hapana nguvu ya kusukuma. Hii hapana ya kuongeza juu. Ni ya kumwaga yote na kuweka mpya. Kila miaka mbili."

"Miaka miwili," nikamsahihisha.

"Miwili," akasema Robert. "Lakini badilisha."

Nimemwambia wiki ijayo.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua. Darasa la nne limevuja, wakahamia kwangu. Watoto tisini na kitu, chaki moja.

Jumapili, 8 Juni

Niseme habari za Soro, maana bila yeye gari hili lingekuwa banda la kuku. Ni jirani yangu hapa Hai Malakal, ua wake na wangu vimetenganishwa na mabati tu. Alikulia Arua, akaendesha malori miaka mingi, sasa hana kazi. Tuna mapatano: yeye huangalia matairi, maji na chochote kilicho chini ya boneti, na kila Jumapili hulichukua gari kumpeleka mama yake, Mama Santina, kwenye misa Kator.

Ni mtu mpole, lakini Kiswahili chake kinaniuma meno. "Mimi iko kuja," husema. Nami: "Soro, sema ninakuja." Hucheka, hukubali, na Jumapili inayofuata iko palepale.

Leo amekuja na ombi. Kuna kliniki inatafuta dereva wa ambulansi. Sista Adhel, msimamizi wake, anataka neno kutoka kwa mtu aliyewahi kumwachia Soro gari lake. Nimesema nitamdhamini kwa moyo mmoja. Alifurahi mpaka akasahau ufunguo mezani.

Jumatano, 18 Juni

Mvua siku ya tatu. Robert amepiga simu kuuliza habari za breki. Nimesema wiki ijayo. Leo darasa la sita tumesoma methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliyetabasamu ni mimi peke yangu.

Jumamosi, 28 Juni

Leo nimejifanyia kazi mwenyewe na nimejipongeza.

Nilifungua boneti nikaona ile fluidi imeshuka chini ya mstari. Kumwita Robert nilikuwa na haya kwa zile wiki ijayo zangu, na kumwita Soro kwa jambo dogo niliona si lazima. Nikaenda duka la vipuri katika soko la Konyokonyo. Kiarabu cha Juba nakielewa nusunusu. Nilikulia Kitale, na miaka minane hapa haijanitoa ugeni. Nikasema nataka mafuta ya breki, kwa Kiswahili sanifu. Mwenye duka akauliza, "Zeit ta shunu?" Mafuta ya nini. Breki kwa Kiarabu siijui, na kumwuliza mtu wa pembeni niliona aibu, mimi mwalimu wa lugha. Basi nikainua mguu, nikakanyaga hewa mara tatu. "Zeit ta kura," nikasema. Mafuta ya mguu.

Duka zima likacheka. "Arabiya otomatik?" akauliza. Nikajibu aiwa, gari ni otomatiki. Akanipa chupa. Mafuta mekundu, mazuri kama juisi ya karkade. Nimeyamimina mpaka mstari wa juu, nikafunga kifuniko, nikaificha chupa stoo nyuma ya gunia la mtama. Robert alinikataza kuongeza, kwa hiyo sitamwambia.

Jumapili, 29 Juni

Soro amerudisha gari. Amesema pedali imekuwa ngumu. Nimemjibu ngumu ni afadhali kuliko laini.

Jumapili, 6 Julai

Soro: "Madam, gurudumu ya mbele iko moto sana. Na gari iko zito, kama mtu anaivuta kwa nyuma. Peleka kwa Robert." Nimesema shule zikifunga. Amenitazama kidogo, kisha akaenda kukata majani uani kwake.

Jumapili, 13 Julai



Leo nilikwenda nao Kator, kwa kuwa mjukuu wa Mama Santina alikuwa anabatizwa. Soro aliendesha, mama yake mbele, mimi nyuma. Kwenda kulikuwa kwema. Kurudi, watu walikuwa wametapakaa barabarani na nguo zao za Jumapili, miavuli, watoto, kina mama wanaosalimiana katikati ya njia kama sebuleni. Nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Soro akasema, "Iko moshi." Akakanyaga breki.

Nililiona goti lake likishuka mpaka mwisho. Akakanyaga tena, na tena. Gari liliendelea.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, shika kiti," kama mtu anayesema karibu chai. Mkono mmoja ukashusha gia mpaka chini kabisa, injini ikanguruma, kisha ukawa unavuta breki ya mkono kidogokidogo, huku mwingine ukishika usukani na kiganja chake kikirudi kwenye honi. Watu wakagawanyika. Kushoto palikuwa na lundo la moram, udongo mwekundu wa kujazia barabara, waliloacha mafundi, akalielekea, akatuingiza ndani yake polepole mpaka gari likazama pua na kusimama. Muuza karanga aliyekuwa hatua mbili mbele yetu aliinua beseni lake, akatutazama, akalishusha tena. Mama Santina aliendelea na rozari yake mpaka akamaliza fungu, ndipo akafungua mlango.

Hakuna aliyeumia. Hata mkwaruzo. Mungu ashukuriwe, naandika hivyo na machozi yananitoka.

Lakini palepale sikushukuru. Hofu iligeuka ikawa hasira, na hasira ikatafuta mtu. Nilitoka nikamwambia Soro mbele ya watu waliotoka misani, kwa sauti ambayo huitumia darasani, "Umelifanya nini gari langu?"

Akajipangusa jasho. "Madam, watu wote iko salama. Hiyo kwanza."

Jumatatu, 14 Julai

Gari limevutwa mpaka kwa Robert. Alinionyesha kwa macho yangu. Alichukua glasi mbili za maji safi. Katika ya kwanza akadondosha fluidi mpya ya breki: ikapotea ndani ya maji, usijue kama iliingia. Katika ya pili akadondosha uchafu mweusi alioutoa kwenye gari langu: kitu kama utando wa mchuzi kikapanda juu, kikaelea.

"Waswahili wanaita mafuta ya breki, Waarabu wanaita zeit ta faramil. Wote wanakosea," Robert akasema. "Hii hapana mafuta. Ukiweka mafuta ya kweli, raba inavimba." Akatoa raba moja kutoka silinda kuu ya breki, akaiweka kando ya mpya. Yangu ilikuwa imenenepa kama kidole kilichoumwa na nyuki. "Zimevimba zote. Breki ilishika, hapana achia, ikapata moto mpaka ikachemka. Nani ameweka mafuta humu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilijua nimeongeza kitu. Lakini kitu changu kilikuwa cha dukani, nilikiomba kwa jina lake, na Robert alikuwa amenikataza. Nikasema, "Soro ndiye hufungua boneti."

Kila neno la sentensi hiyo ni kweli, na sentensi nzima ni uongo.

Saa sita Sista Adhel akanipigia. Yeye naye alikulia Kenya, tunaelewana upesi. "Mwalimu, huyu Soro ni wa kuaminika?" Nikajibu kwamba kwa sasa siwezi kumdhamini. Akasema sawa, asante kwa kusema ukweli.

Jumanne, 15 Julai

Mama Santina amepita langoni bila kunisalimu. Tangu nihamie hapa haijawahi kutokea.

Jumatano, 16 Julai

Leo alasiri Mama Santina amekuja. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mwavuli wake uliokunjwa.

"Mwalimu, mtoto yangu anasema yeye hapana weka kitu. Mimi nimezaa yeye. Akidanganya, masikio yake inasimama, tangu iko mdogo. Jumapili mimi naangalia masikio. Hapana simama."

Akaenda zake. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikaingia stoo, nikasogeza gunia la mtama, nikatoa ile chupa. Nikajaza glasi maji. Nilidondosha tone moja nikiwa na uhakika wa mtu aliyezoea kupata alama zote.

Likaelea. Nikadondosha la pili. Likaungana na mwenzake juu ya maji, duara jekundu, limetulia. Nikavaa miwani nikasoma maandishi madogo ya nyuma ya chupa. Mafuta ya gia za otomatiki. Mwenye duka hakukosea. Alimwona mwanamke anakanyagakanyaga hewa, akauliza kama gari ni otomatiki, mwanamke akasema ndiyo.

Nyani haoni kundule. Nimemwaga unga wa mwenzangu kwa sababu sikutaka kuuliza neno moja la Kiarabu. Ningekuwa peke yangu ndani ya gari lile Jumapili, watu wangekuwa wanazungumza habari za mazishi, na si yangu tu.

Alhamisi, 17 Julai

Mvua kubwa. Bodaboda aliniacha nusu ya njia kwa ajili ya tope, nikatembea mpaka kliniki. Sista Adhel alinitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Mwalimu, Jumatatu ulisema huwezi kumdhamini. Leo umekuja na tope mpaka magotini kusema nini?"

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye zeit ta kura aliuma midomo, akageuka dirishani, mabega yakamtikisika. Nilimwacha acheke. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kazi.

"Jina lake nilishalikata. Majaribio ni keshokutwa."

"Lirudishe, Sista. Nakuomba."

"Wewe ulikuwa wapi gari lilipokataa kusimama?"

"Kiti cha nyuma."

"Basi wewe ndiye nilikuwa nakutafuta. Mimi nataka mtu ambaye breki zikimhepa na mgonjwa yuko nyuma, hapotezi kichwa. Niandikie vile alifanya, hatua kwa hatua. Na uandike nani aliweka hayo mafuta. Usipoandika hiyo, barua yako haina maana kwangu."

Nimetoka pale nikiwa mwepesi, mvua ikinipiga usoni. Lakini kazi ngumu ilikuwa bado.

Soro alikuwa anagongomea bati la ua wake. Nikasimama upande wangu wa ua, nikasema kupitia juu, "Soro, aliyeweka mafuta mabaya ni mimi."

Nyundo ikanyamaza. "Umejua lini?"

"Jana."

"Na Jumapili, mbele ya watu ya kanisa, ulikuwa unajua nini?"

"Sikujua kitu."

"Lakini ulisema."

Nikashika ukingo wa bati.

"Mimi hapana kasirika kwa mafuta," akasema. "Mafuta, mtu yeyote anakosea. Mimi niko na hasira sababu hapana uliza. Mbele ya kusema kwa Robert, mbele ya kusema kwa sista. Neno moja tu: Soro, umeweka nini? Hapana uliza. Miaka mbili naendesha gari yako."

Sikumsahihisha. Haikunijia hata kichwani mpaka sasa ninapoandika.

"Samahani, Soro. Nimekukosea."

"Barua andika. Nitachukua. Lakini leo hapana sema na mimi tena."

Nyundo ikaanza upya. Nilihisi kila pigo.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeandika barua mara nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno mazuri mengi na mimi nimejificha nyuma yao. Ya nne inaanza hivi: "Mimi, Nyaluak, nilitia mafuta ya gia kwenye breki za gari langu, kisha nikamsingizia Bwana Soro. Yafuatayo ni yale niliyomwona akifanya breki zilipokosekana." Nimeipitisha juu ya ua. Mkono ukaipokea.

Jumamosi, 19 Julai

Soro amekwenda kwenye majaribio. Amerudi saa tisa. Sijui lolote.

Jumapili, 20 Julai

Hatuna gari, basi nimemsindikiza Mama Santina Kator kwa miguu. Tope lilimeza kiatu changu kimoja, akakitoa kwa ncha ya mwavuli. "Malesh," akaniambia, pole. Nilikipokea hicho kiatu kama zawadi. Kuhusu majaribio, anasema kliniki ilikuwa na madereva sita na kazi ni moja.

Jumatano, 23 Julai

Raba zimefika kutoka Kampala. Robert ameosha mabomba yote kwa spiriti, ametupa kila kilichovimba. Kazi iliyobaki ni kujaza fluidi mpya na kutoa upepo, na hiyo hutaka watu wawili: mmoja chini kwenye gurudumu, mmoja kwenye pedali. Nimesema nitakanyaga mwenyewe. Kliniki kimya.

Jumamosi, 26 Julai

Jua leo, la kwanza tangu wiki iliyopita. Nilifika gereji nikamkuta Soro amekwisha vaa ovaroli ya kuazima. Robert alikuwa na lori la mtu aliyekuwa na haraka. "Soro anajua hii kazi," akasema, akatuachia.

Soro hakunitazama sana. Alinionyesha chupa mpya, ikiwa bado na muhuri wake, akaifungua mbele yangu. Akaniambia ikibaki nisiitunze, maana ikifunguliwa inaanza kunywa hewa, na ikidondoka kwenye rangi ya gari niimwagie maji upesi, inakula rangi. Akajaza kikombe. Kisha akaenda gurudumu la nyuma lililo mbali kuliko yote, akalala chini na spana na mpira mwembamba wa bomba uliotumbukizwa ndani ya chupa tupu.

"Nikisema kanyaga, kanyaga polepole mpaka chini. Nikisema shika, shika hapo hapo. Hapana toa mguu mpaka nimefunga. Ukitoa mapema, hewa inaingia, tunaanza mwanzo."

"Nimeelewa."

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Shika." Nilisikia spana ikigeuka, kisha pedali ikazama chini ya mguu wangu mpaka sakafuni. Ndivyo ilivyozama siku ile Kator. Lakini spana ikageuka tena, na sauti yake ikatoka chini: "Achia."

Tukaenda hivyo, gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Kanyaga, shika, achia. Hatukuwa na neno jingine baina yetu, na sikuhitaji jingine. Mwanzoni vilitoka povu na viputo, kama alivyoniambia, halafu fluidi ikaanza kutoka safi, ya manjano hafifu. Pedali ikaanza kupanda. Kila mara ilikuwa inanisukuma zaidi, na furaha niliyoisikia katika unyayo wa mguu wangu siwezi kuieleza.

Gurudumu la mwisho, mbele upande wangu. "Kanyaga." Nikakanyaga. "Shika." Nikashika. Spana ikageuka, pedali ikashuka, na simu yake ikalia.

Nikaona mkono wenye fluidi ukitafuta mfukoni. "Aiwa," akasema kutoka chini. "Aiwa, Sista. Ndiyo, ni mimi."

Spana ilikuwa bado kwenye skrubu ya kutolea upepo, na skrubu iko wazi. Nikaukaza mguu.

"Ndiyo, Sista. Aiwa... Ya barua? Ndiyo, nilisoma... Hapana, hapana kasirika tena."

Paja likaanza kuniuma. Nikashika usukani kwa mikono miwili nikauongezea mguu uzito. Robert alipita na tairi, akaniona nimekunja uso, akataka kusema, nikamtikisia kichwa anyamaze.

"Jumatatu? Saa moja asubuhi? Sista, mimi iko... mimi nashukuru. Nashukuru sana. Nitasema kwa mama. Mama yangu atalia."

Simu ikakatika. Niliinama dirishani nikaona buti zake tu, zimetulia, vidole juu. Mguu wangu wote ulikuwa unatetemeka sasa kuanzia nyonga, na jasho linaingia machoni, na sikuutoa. Nikasikia anacheka peke yake kule chini, halafu anapumua kwa mkupuo kama mtu aliyetua gunia, halafu akakumbuka.

"Madam? Bado umeshika?"

"Nimeshika."

Spana ikageuka, ikakaza.

"Achia," akasema Soro.